Shajara ya mradi: nani aingie kwenye uga wa mtunzi? Majukumu katika metadata za sauti, picha na vinyago vya Mtwara na Lindi

Machi. Hali ilivyo kabla ya kugusa chochote

Makusanyo yamo kwenye DSpace 7, programu ya kuendesha hifadhi ya kidijitali. Kuna kanda za ngoma na masimulizi zilizogeuzwa faili za sauti, picha za vinyago vya Kimakonde, miswada ya tenzi iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na mahojiano ya wazee wa Mikindani, Newala, Nachingwea na Kilwa Kivinje. Uga wa lugha uko sawa, maana misimbo ya ISO 639-3 ilitumika tangu mwanzo: kde kwa Kimakonde, mwe kwa Kimwera, yao kwa Kiyao. Kasoro iko kwenye watu.

Kila ingizo lina uga mmoja wa mtu, dc.contributor.author, na aliyejazwa humo mara nyingi ni yule aliyeshika kinasa sauti. Hakuna hila hapo. Lebo ya kaseti huandikwa na mrekodi, naye huandika jina lake. Fomu nayo inauliza "Mwandishi" basi. Mwanamke aliyeongoza ngoma tangu mwanzo wa kanda hadi mwisho yumo kwenye maelezo ya jumla, katikati ya aya, mahali ambapo mfumo haumhesabu kama mtu. Ukitafuta kwa jina lake kwenye faharasa ya watu, hayumo.

Athari yake huonekana watu wanaponukuu vyanzo. Mifumo ya kunukuu huchukua majina kutoka uga wa mtunzi na kuacha mengine yote. Mwanafunzi atakayetumia kanda hiyo kwenye tasnifu atamwandika mrekodi kama mwenye wimbo, na mwenye kusoma tasnifu atamnukuu hivyo hivyo. Kwa hiyo kuamua nani ni creator (mtunzi) na nani ni contributor (mchangiaji) ni kuamua nani atatajwa huko mbele. Kazi yote inayofuata imejengwa juu ya hilo.

Machi, mwishoni. Viwango vyenyewe

Dublin Core, kiwango cha metadata kilichoanzia kwenye warsha ya mwaka 1995 mjini Dublin, Ohio, kina vipengele 15 vya msingi. Vitatu ni vya watu na taasisi: creator, contributor na publisher. Creator ni mwenye dhima kuu ya kutengeneza kitu. Contributor ni mchangiaji. Kachangia nini, havisemi. Orodha ya kwanza ya vibainishi (maneno yanayofuata kipengele ili kukifafanua zaidi) ilipotolewa mwaka 2000, tarehe zilipata vyake na mahusiano yalipata vyake, lakini creator na contributor waliachwa mikono mitupu. Njia iliyokuja kupatikana ni kuazima misimbo ya majukumu ya MARC, muundo wa rekodi za maktaba, inayotunzwa na Library of Congress, herufi tatu kwa kila jukumu, na kuitangaza mingi kati yake kuwa aina mahususi za contributor.

Jambo moja hupitwa na wengi: katika msamiati wa dcterms, creator mwenyewe ametangazwa kuwa aina ya contributor. Maana yake kila mtunzi ni mchangiaji, lakini si kila mchangiaji ni mtunzi. Ukimweka mtu yeyote aliyeshiriki kwenye contributor, hujakosea. Ukimweka asiyestahili kwenye creator, umekosea, na kosa hilo husafiri hadi kwenye kila mfumo unaovuna metadata zako.

Viwango vingine kwa ufupi. MODS hubeba jukumu ndani ya jina lenyewe, kwa msimbo au kwa maneno, na ndiyo iliyo safi kuliko zote kwa kazi hii. DataCite, kiwango cha takwimu za utafiti, inalazimisha creator awepo lakini haimpi jukumu lolote. Contributor si lazima, ila akiwepo ni sharti awe na aina kutoka orodha iliyofungwa, nayo ni orodha ya watu wa takwimu za utafiti: DataCollector, DataCurator, ProjectLeader, RightsHolder na wenzao. Mwimbaji hamna, msimuliaji hamna. OLAC, kiwango cha hifadhi za lugha kilichojengwa juu ya Dublin Core, wao wanawajua watu wetu: singer, speaker, performer, responder, recorder, transcriber. CRediT, yenye majukumu 14, ni ya makala za kisayansi. Tuliisoma na kuiweka kando.

Aprili. Jukumu likae wapi

Njia tatu zilijaribiwa kwenye seva ya majaribio.

Ya kwanza ni kuandika jukumu pembeni ya jina ndani ya uga ule ule, yaani jina, mabano, "mwimbaji". Inavutia kwa sababu haihitaji kubadili mfumo. Inaharibika mara tu mtu mmoja anapokuwa na kazi mbili. Aliyeimba kwenye kanda moja na kuhojiwa kwenye nyingine anakuwa watu wawili kwenye faharasa, na kosa moja la tahajia ndani ya mabano linazaa mtu wa tatu.

Ya pili ni nyuga mbili sambamba, majina huku na majukumu kule, vikitegemeana kwa mpangilio: jina la kwanza na jukumu la kwanza, la pili na la pili. DSpace hutunza mpangilio wa thamani ndani ya uga mmoja, lakini haijui kwamba nyuga hizo mbili ni ndugu. Futa jina moja katikati, majukumu yote ya chini yake yanapanda ngazi moja, na mpiga ngoma anageuka mtafsiri. Mbaya zaidi, kosa hilo halitoi onyo lolote.

Ya tatu ndiyo iliyochukuliwa: jukumu liwe kibainishi cha uga. Mwimbaji anaingia dc.contributor.sng, mnukuzi (transcriber) dc.contributor.trc, mtafsiri dc.contributor.trl. Jina linabaki jina tupu, na jukumu liko kwenye uhusiano kati ya mtu na kitu. Mwenye kazi mbili kwenye ingizo moja anaandikwa mara mbili, kila jukumu na mstari wake. Misimbo ya herufi tatu imeshinda maneno marefu kwa sababu moja: anwani rasmi ya kila jukumu ni id.loc.gov/vocabulary/relators/ ikifuatiwa na msimbo wenyewe, hivyo kugeuza kuwa data fungamani (linked data) ni kuunganisha vipande viwili vya maandishi tu.

Kuna ushauri wa kawaida kwamba usiguse skima ya dc, yaani orodha ya nyuga za Dublin Core, uunde skima yako ya pembeni. Ni ushauri mzuri, ila hapa una gharama: nyuga za skima ya pembeni hazitoki kwenye muundo wa kawaida wa OAI-PMH, itifaki ya kuvuna metadata, mpaka uandike ugeuzaji wake, wakati chochote kilicho chini ya dc.contributor hutoka chenyewe kama mchangiaji. Tumeongeza kwenye dc, na orodha nzima imeandikwa pia kwenye faili la sajili ili seva mpya ipakiwe kwa amri ya registry-loader badala ya mtu kubofya uga mmoja mmoja.

Aprili. Orodha iliyopitishwa

Msimuliaji wa hadithi ni stl. Mwimbaji sng, mpiga ala itr, mcheza ngoma dnc. Kikundi kizima kinaingia prf kwa jina la kikundi. Mhojiwa ive, mhojaji ivr. Mrekodi rcd. Mpiga picha pht, mchongaji scl. Mwandishi au mshairi ni aut, lakini uga wake unabaki dc.contributor.author kwa sababu DSpace inautegemea sehemu nyingi. Mnakili wa mswada wa zamani scr. Anayeunukuu kutoka hati ya Kiarabu kwenda ya Kilatini ni trc. Mtafsiri trl, mhariri edt. Aliyeleta kitu kihifadhiwe ni dpt, aliyetoa kiwe mali ya hifadhi ni dnr. Hawa wawili huchanganywa sana, na tofauti yao ni ya kisheria, kwa hiyo fomu inaeleza. Asiyeingia popote ni ctb.

Msimbo col una mtego. Jina lake linadanganya watu waliokwenda vijijini kukusanya nyimbo, wakadhani ni wao. Col ni wa mwenye mkusanyo, mtu aliyeleta pamoja vitu kutoka sehemu mbalimbali. Aliyekwenda na kinasa sauti ni rcd, na kama alihoji, ni ivr pia.

Fundi aliyegeuza kaseti kuwa faili hayumo kwenye orodha kwa makusudi. Anaandikwa kwenye metadata za kiufundi pamoja na mashine, kiwango cha sampuli na tarehe. Kuwapanga mafundi sawa na waimbaji kunajaza faharasa ya watu bila kumsaidia msomaji.

Mei. Mwimbaji ni mtunzi?

Hapa ndipo palipokuwa na hoja nzito. RDA, kanuni za uorodheshaji zinazotumika na maktaba nyingi, huwaweka waimbaji na waigizaji kwenye ngazi ya utekelezaji: mtunzi wa wimbo ni mmoja, anayeuimba ni mwingine. Kwa wimbo ulioandikwa na mtu anayejulikana, huo ni utaratibu wa haki. Kwa ngoma ya Kimakonde au ya Kimwera hautoshi. Mwimbishaji huanzisha, wapokeaji huitikia, naye hutunga beti papo hapo, humtaja mgeni aliyefika, humsema jirani, hubadilisha mpangilio akiona wachezaji wamechoka. Mtunzi mwingine wa kuandikwa juu yake hayupo. Ukifuata kanuni kwa herufi, kanda inabaki bila creator, na DataCite haipokei ingizo lisilo na creator. Pengo lile ndilo linalomvuta mrekodi aje alijaze.

Uamuzi: kwa ngoma na masimulizi ya mdomo, mwimbishaji na msimuliaji wanatoka nje ya hifadhi kama creator. Wimbo wenye mtunzi anayejulikana unafuata RDA; mtunzi ni creator, mwimbaji ni contributor. Kwa mahojiano, RDA inawahesabu mhojiwa na mhojaji wote kuwa watunzi. Tumemtoa mhojiwa kama creator na mhojaji kama contributor. Hili lina wapinzani miongoni mwetu, nao wana hoja, kwa kuwa maswali mazuri ni nusu ya mahojiano. Hata hivyo kanda nyingi za hapa zina maswali machache na majibu marefu, kwa hiyo uamuzi umesimama.

Mrekodi hawi creator kamwe, isipokuwa pale anaporekodi sauti ambazo hakuna mtu anayezitoa: ndege wa Rondo, mawimbi ya Msimbati.

Mei. Kinyago na picha yake

Dublin Core ina kanuni ya ingizo moja kwa kitu kimoja. Picha ya kinyago si kinyago. Mchongaji ndiye creator wa kinyago. Mpiga picha ndiye creator wa picha. Maingizo ya zamani yaliwabana wote wawili kwenye ingizo moja, na tarehe mbili na vipimo viwili vikafuata: sentimita za mpingo pamoja na pikseli za picha. Sasa kila kinyago kina ingizo lake hata kama hifadhi haina kinyago chenyewe, na picha zake zinaungwa nacho kwa dc.relation. Kwenye ingizo la picha, mchongaji anatajwa kwenye mada. Hapewi jukumu huko, maana hakushiriki kuipiga picha.

Kanuni hiyo hiyo haikutumiwa kwa kaseti na faili lake la sauti. Kinadharia ni vitu viwili. Kwa vitendo, msikilizaji hana haja ya maingizo mawili ya wimbo uleule, na faili ni nakala tu ya kanda.

Juni. Majina

Aina ya uga inayoitwa name kwenye fomu za DSpace huligawa jina kwenye visanduku viwili, jina la ukoo na jina la kwanza, kisha huunganisha kwa mkato. Abdul Karim bin Jamaliddini akipita humo anatoka "Jamaliddini, Abdul Karim bin". Jamaliddini ni baba yake. Jina la ukoo halimo, na hakuna msomaji wa Lindi atakayemtafuta kwenye herufi J. Majina yenye bin na binti yanaandikwa kama yanavyotamkwa, bila kugeuzwa. Majina ya watafiti wa nje yenye jina la ukoo yanageuzwa kama kawaida.

Mzee, Bibi, Shehe, Ustadhi na Mwalimu haviingii kwenye jina. Vinakwenda kwenye maelezo. "Mama Fulani" ni suala tofauti, kwa sababu mara nyingi ndilo jina pekee lililo kwenye lebo na ndilo mtaa unalomjulia. Linaandikwa lilivyo. Likija kupatikana jina jingine, la kwanza linatunzwa kama jina mbadala.

Pasipo na jina, nafasi haiachwi wazi. DataCite ina thamani maalumu za kuonyesha kwa nini data haipo, na tumezichukua kwa mfumo mzima: :unkn pale jina lisipojulikana, :unal pale linapojulikana lakini limezuiliwa kwa makusudi. Tofauti hii ina uzito kwa nyimbo za unyago na jando. Waliorekodiwa wapo, walikubali sauti zihifadhiwe, hawakukubali majina yaonekane. Ingizo linasema kulikuwa na sng, na kwamba jina limezuiliwa. Faili lenyewe liko chini ya ruhusa ya kundi, kwa kuwa kuficha jina huku wimbo wa ndani ukichezwa hadharani hakumlindi mtu yeyote.

Julai. Fomu na mipangilio

Kwenye submission-forms.xml, uga wa watu umebadilishwa kutoka name kwenda qualdrop_value. Aina hii huonyesha orodha ya kuchagua na kisanduku cha maandishi; kilichochaguliwa kwenye orodha ndicho kinachokuwa kibainishi. Kwa hiyo uga mmoja unaojirudia unatosha kwa majukumu yote, na tatizo la bin na binti linaondoka lenyewe kwa kuwa kisanduku hakigawanywi. Lebo zimeandikwa kwa Kiswahili, msimbo unabaki nyuma. Ctb imewekwa juu kabisa ya orodha: jukumu la kwanza ndilo linalochaguliwa na mkono uliochoka, na afadhali uchovu uzae "mchangiaji" kuliko "mwandishi".

Kila kibainishi lazima kiwemo kwenye sajili ya metadata kabla fomu haijatumika; kikikosekana, kuhifadhi kunagoma. Baada ya kuhariri faili la fomu, seva iwashwe upya.

Faharasa ya watu ilihitaji mkono. Mpangilio wa awali unaifanya ichukue dc.contributor.* pamoja na dc.creator, na nyota ile inakusanya kila mtu: mtoaji wa kaseti anakaa sawa na mshairi, chini ya kichwa "Waandishi". Kwenye local.cfg, faili la mipangilio, nyota imeondolewa na misimbo inayotakiwa ikatajwa mmoja mmoja. Wahusika wa dpt na dnr wamebaki nje. Kichwa kimebadilishwa kuwa "Watu na vikundi". Kisha index-discovery -b, ambayo hujenga faharasa upya yote. Iendeshwe usiku, na kwenye mashine yenye betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati faharasa inabaki nusu na inabidi kuanza tena.

Agosti. Kuhamisha maingizo ya zamani kwa CSV

Hatua: toa metadata za mkusanyo kwa CSV, yaani jedwali la maandishi, ongeza safu za majukumu, hamisha majina, rudisha. Thamani zaidi ya moja kwenye seli moja hutenganishwa kwa mistari miwili ya wima, ||, bila nafasi.

Matatizo yaliyojitokeza yote yana chanzo kinachoeleweka. Seli tupu maana yake futa. Safu isiyokuwepo maana yake usiguse. Ukitaka kubadilisha waimbaji peke yao, ondoa safu nyingine zote isipokuwa id na zile unazozihariri. Pili, dc.contributor.author na dc.contributor.author[sw] ni safu mbili tofauti machoni pa mfumo, na maingizo ya zamani yalikuwa na jina huku au kule kutegemea aliyeingiza. Jina la mtu halina lugha, kwa hiyo alama ya lugha imeondolewa kwenye nyuga zote za watu kabla ya jambo jingine lolote. Tatu, Excel ikihifadhi faili nje ya UTF-8, ng' zilizoandikwa kwa alama ya juu iliyopinda hugeuka takataka. LibreOffice huuliza usimbaji wakati wa kufungua na wa kuhifadhi, ndiyo inayotumika sasa.

Kabla ya kuthibitisha, DSpace huonyesha orodha ya mabadiliko. Isomwe. Mstari unaosema jina linaondolewa bila mwingine unaosema linaongezwa kwingine ni dalili ya seli tupu.

Septemba. Maingizo mawili ya kupima orodha

Utenzi wa vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, katika chapa ya 1957, ulipita bila shida: yeye author, W. H. Whiteley trl. Mwanahistoria anayemtafuta mshairi anampata, anayemtafuta mtafsiri anampata, na hakuna anayemfunika mwenzake.

Tendaguru, machimbo ya visukuku vya dinosaria mkoani Lindi, ilikuwa ngumu. Uchimbaji wa 1909 hadi 1913 uliofanywa na makumbusho ya Berlin uliongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Mifupa ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi wa wafanyakazi na mtayarishaji mkuu wa visukuku, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Kwa viongozi, msimbo wa MARC fld (field director, kiongozi wa kazi ya uwandani) unafaa moja kwa moja. Kwa Boheti, col haimfai kwa sababu iliyokwisha kuelezwa, na kwenye orodha yetu hakuna msimbo unaobeba kusimamia uchimbaji na kutayarisha mifupa kwa pamoja. DataCite ndiyo iliyomfaa, na hatukulitarajia hilo: DataCollector ni mtu aliyekusanya data chini ya mwongozo wa mtafiti mkuu. Ndani ya DSpace yumo kama ctb, kazi yake imeelezwa kwenye maelezo, na kwenye ugeuzaji wa DataCite anatoka DataCollector. Wapagazi waliobaki bila majina wana mstari mmoja wa ctb wenye :unkn.

Oktoba. Kinachotoka nje

OAI-PMH inalazimisha kila hifadhi itoe oai_dc, yaani vipengele 15 bila vibainishi. Majukumu yote yanapotea hapo; swali ni yanapotea kwa namna gani. DSpace kwa kawaida hupeleka author kwenda creator na vibainishi vingine vyote vya contributor kwenda contributor. Ikiachwa hivyo, mwimbishaji anarudi kwenye uchangiaji na kazi ya Mei inakwisha mlangoni. Faili la oai_dc.xsl, lililo chini ya config/crosswalks/oai/metadataFormats, limehaririwa ili sng, stl, ive, scl na pht zitoke kama creator. Sharti zitajwe pia kwenye kanuni inayotoa contributor ili ziachwe huko, la sivyo kila mwimbaji anatoka mara mbili. Penye author pamoja na sng, author ndiye creator na sng inabaki contributor. Baada ya kuhariri: oai import -c, kwa sababu majibu ya zamani hukaa kwenye akiba na utadhani faili halikubadilika. Mvunaji anayetaka majukumu kamili anaelekezwa kwenye muundo wa dim, unaotoa kibainishi kilivyo.

Kwa OLAC: sng kuwa singer, stl kuwa performer, ive kuwa responder, ivr interviewer, rcd recorder, trc transcriber, dpt depositor. Dnr haina mwenzake, inatoka contributor mtupu.

Yaliyobaki ni mahojiano ya Nachingwea yenye sauti za watu wengi kwa wakati mmoja, ambako msikilizaji anayeijua familia lazima aketi na kusema nani ni nani. Msimu wa korosho umeanza na walengwa wako mashambani, kwa hiyo maingizo hayo yana ive moja yenye :unkn kwa kila sauti inayosikika, na alama ya dakika kwenye maelezo ili majina yaingizwe watakaporudi.